Swali la mwenye ɔ

Katika Kilingala, moto ni mtu. Inua toni ya silabi ya mwisho, motó, umepata kichwa. Fungua vokali na uinue toni ya kwanza, mɔ́tɔ, umepata moto wenyewe, ule unaounguza. Mwanafunzi anayeandika memuari juu ya toni hawezi basi kutosheka na kibodi ya Kifaransa. Herufi ó ataipata katika Unicode ikiwa herufi moja. Herufi ɔ yenye alama juu yake hataipata, kwa sababu Unicode haina herufi moja ya namna hiyo: unaandika ɔ, kisha unaongeza alama ya toni yenye namba yake, U+0301, halafu fonti ndiyo inayopaswa kuiweka alama juu ya herufi. Fonti isiyoweza kazi hiyo huiangusha pembeni, au huchora kisanduku kitupu.

Swali hili ni la nani? Katika kundi la WhatsApp ambamo wanafunzi wa chuo husaidiana mambo ya kompyuta, wasimamizi hujibu: hayo ni mambo ya lugha, uliza kitivoni kwako. Kitivoni anaambiwa: hiyo ni informatiki. Mwaka huu nimeona wenzangu watatu wakirudishwa hivyo huku na huku. Ndiyo maana bado tunazo memuari ambazo alama za toni zimeongezwa kwa kalamu baada ya kuchapishwa, na nyingine ambazo mwandishi alikata tamaa, mtu na kichwa vikaandikwa sawasawa.

Sisemi kundi lisiwe na mipaka. Kundi linalopokea kila kitu, tangu bei za simu mpaka vyumba vya kupanga, huwapoteza kwanza wale wanaojua, maana ndio wanaochoka mapema. Jeff Atwood na Joel Spolsky walipoanzisha Stack Overflow mwaka 2008 waliifungia kwenye maswali ya kuandika programu. Mwaka 2009 ikafuata Super User kwa wenye shida za kutumia kompyuta, na baadaye nyingine nyingi, mojawapo ya isimu. Kule wanachama watatu wenye alama 3,000 kila mmoja wanaweza kulifunga swali. Ni wakali, na wengi wamewalalamikia. Lakini anayefunga lazima achague sababu, na sababu moja naipenda kuliko nyingine: swali limekwisha kuulizwa, jibu lake hili hapa. Aliyefungiwa namna hiyo anaondoka na kile alichokijia.

Jambo jingine la kule linatuhusu sisi wa lugha zaidi kuliko wanavyodhani watu wa informatiki. Ukiuliza kwenye Super User "Fonti gani ni nzuri kwa Kilingala?", swali litafungwa, kwa kuwa linaomba mapendekezo na kila mtu ana lake. Ukiuliza "Kwa nini alama ya toni inaanguka pembeni ya ɔ katika fonti hii?", litapokelewa. Shida ni ileile, mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni tendo la usemi (wanaofundisha pragmatiki watafurahi). Kwa hiyo msimamizi anayeona swali baya lenye shida ya kweli ndani yake ana kazi ya dakika moja: kumwonyesha mwenzake namna ya kuliuliza upya. Wa kwetu wanalifuta.

Halafu kuna kanuni ya Kifaransa peke yake. Wanaoitetea husema ndiyo lugha ya teknolojia. Stack Overflow yenyewe hutumia Kiingereza, na ina tovuti nyingine za Kireno, Kirusi, Kihispania na Kijapani. Ya Kifaransa haipo. Mwenye kumzuia mtu wa Kiswahili hapa, kule naye angezuiwa mlangoni. Wao lakini wana sababu: majibu yao yanatafutwa na watu wa dunia nzima, miaka baada ya kuandikwa. Kundi letu lina watu wanaokutana uani, na karibu wote wanasema Kiswahili tangu asubuhi. "Alama inaruka pembeni" inaeleweka na kila mmoja wetu. Anayelazimishwa kutafuta kwanza neno la Kifaransa la kitu hicho mara nyingi huishia kuuliza kitu kingine, kisha anaambiwa hakueleweka.

Ningependa wasimamizi wapime swali kwa mambo mawili tu. Je, kati yetu yuko mwenye kulijibu? Je, jibu litamfaa mwingine kesho? Likipita hapo, lipokelewe, kwa Kifaransa, Kiswahili au Kilingala, mradi mwulizaji aseme anatumia mashine gani, amejaribu nini na ameona nini. Lisipopita, aambiwe jina la mtu au mahali pa kwenda. "Kitivoni kwako" si mahali.

Nasi kitivoni tusiendelee kuwasingizia wa informatiki. Fonti Charis SIL na Doulos SIL ni za bure, na zinaiweka alama ya toni juu ya ɔ na ɛ inavyotakiwa. Keyman nayo ni ya bure, na inakuruhusu kujitengenezea kibodi yenye herufi unazozihitaji. Maelezo yake yanaenea kwenye ukurasa mmoja, na ukuta wa matangazo wa kitivo una nafasi.