Risala ya Wakazi wa Chang'ombe Wanaoishi na Kisukari

Kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kisukari Duniani, 14 Novemba

Ndugu Mgeni Rasmi,

Kila ifikapo tarehe hii wageni hutukumbusha kupunguza wali, kutembea na kukagua miguu. Tunashukuru, na mengi tumeshayashika. Mwaka huu tuna jambo ambalo kwenye foleni ya kliniki halina pa kusemewa: sonona na hofu.

Kliniki tunapimwa sukari, presha na uzito. Hakuna anayeuliza kama tunalala. Sukari ikisoma juu tunaambiwa hatufuati masharti, tena mbele za watu. Mwenzetu aliyeacha vidonge kwa kukata tamaa ya maisha huongezewa dozi ya vidonge vilevile asivyomeza. Wataalamu wanasema anayeishi na kisukari hupatwa na sonona mara mbili au zaidi kuliko asiye nacho, na kwamba mawazo yenyewe hupandisha sukari kupitia homoni za mwili. Anayetugombeza, basi, anatibu nusu ya ugonjwa.

Hofu nayo inatuchanganya. Sukari ikishuka mtu hutetemeka, hutoka jasho, moyo humwenda mbio. Hofu ikimshika, dalili ni hizohizo. Kinachotofautisha ni kipimo, na vijiti vya kupimia tunajinunulia wenyewe. Asiye navyo hunywa soda kwa kubahatisha, sukari ikaruka juu. Yupo asiyethubutu kupanda daladala peke yake, akiogopa kuanguka na abiria wakamdhania mlevi. Wanaume wanaopungukiwa nguvu hunyamaza hata mbele ya daktari, na nyumbani huishia kuitwa wakali. Tukikonda, mtaa umeshahukumu kwamba tuna ngoma.

Na hapo tuseme bila wivu: wenzetu wanaoishi na VVU, kwa mpango wa kitaifa wa matibabu ulioanza mwaka 2004, wamepata washauri nasaha na waelimishaji rika ndani ya kliniki zao. Kumbe inawezekana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa asilimia 9 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Sisi si wachache kiasi cha kusahaulika.

Tunadai mshauri nasaha awepo kila siku ya kliniki ya sukari. Tuulizwe faraghani, walau mara moja kwa mwaka, kuhusu usingizi, huzuni na hofu, na majibu yaandikwe kwenye daftari la mgonjwa kama inavyoandikwa presha. Dawa za sonona zipatikane hapahapa Temeke. Bima ya Afya kwa Wote, ambayo sheria yake ni ya mwaka 2023, ivihesabu vijiti vya kupimia kuwa sehemu ya matibabu. Kukaripiwa hadharani kukome, na hilo halihitaji bajeti.

La mwisho ni zito. Wapo wanaofikia kuwaza kufa, nao hawasemi, maana kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilikitamka kifungu kama hicho cha kwao kuwa kinyume cha katiba. Tunakuomba ulifikishe hili Dodoma kama tulivyolisema, na tupate majibu kwa maandishi.