Watoto wa Kakuma: Nani mlezi wa mila zao?

Kati ya mwaka 2000 na 2001, Marekani iliwapokea vijana wa Sudan wapatao 3,800 kutoka kambi ya Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya. Wengi walikuwa Wadinka waliokimbia vita utotoni mwaka 1987, wakaishi Ethiopia hadi utawala wa Mengistu Haile Mariam ulipoanguka mwaka 1991, kisha wakaingia Kenya mwaka 1992. Wapatao 500 walihesabiwa kuwa chini ya miaka 18, wakakabidhiwa kwa familia za walezi katika majimbo kama Michigan.

Neno "walihesabiwa" lina uzito wake. Wengi hawakujua tarehe zao za kuzaliwa, hivyo maofisa walikadiria mwaka na kuwaandikia Januari Mosi. Kwa kadirio hilo mmoja alipewa mlezi na shule. Mwenzake, waliyekula naye sahani moja kambini, alipangiwa chumba na kutakiwa atafute kazi upesi.

Ikumbukwe kuwa Kakuma vijana hao waliishi kwa makundi, wakubwa wakiwalea wadogo. Hiyo ndiyo jamaa waliyobaki nayo. Kumpeleka kijana peke yake kwa mlezi, hata awe mwema kiasi gani, kulikuwa kumtenga nayo. Mlezi anayemtaka amtazame usoni wanapozungumza hana nia mbaya, lakini kijana amefunzwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, na anajikuta anaitwa mjeuri kwa adabu yake.

Mpango huo wa malezi, ulioanza mwaka 1980 kwa ajili ya watoto wa Asia ya Kusini-Mashariki, unaagiza asili na dini ya mtoto zihifadhiwe. Aidha, kwa kawaida mtoto haasiliwi, kwa kuwa huenda wazazi wake wangali hai. Hilo, kwa maoni yetu, ni la busara kuliko yote. Baada ya mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi Januari 2005, wapo waliorudi kijijini na kuwakuta mama zao.

Wasichana walikuwa na yao. Katika msafara huo walikuwa 89 tu. Kwa mila, msichana asiye na wazazi hakuachwa aishi peke yake; aliingizwa katika familia ya Kisudan kambini. Kwa sababu hiyo hakuorodheshwa kuwa mtoto asiye na mlezi, na safari ikampita. Alibaki na lugha na mila zake, pamoja na kuni, maji na mahari iliyosubiriwa na waliomlea.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Watoto walio peke yao Kakuma wamebaki zaidi mikononi mwa familia za kambini, ambazo mwaka huo huo zilipunguziwa mgao wa chakula.