Mipira ya jeep katika njia zetu za matope

Mtu anayenunua motokari huitazama injini, huitazama rangi, hukaa kitini na kujaribu honi. Mipira ya magurudumu huitazama mwisho, au haitazami kabisa. Lakini injini haikanyagi barabara. Kinachokanyaga barabara ni vipande vinne vya mpira, kila kimoja hakipiti sana upana wa viganja viwili, na juu ya vipande hivyo wamekaa abiria wote pamoja na mizigo yao. Mama mjamzito anayepelekwa hospitali usiku, wanafunzi wanaorudi shuleni, magunia ya mihogo ya sokoni, vyote vimebebwa na vipande hivyo vinne. Kwa hiyo leo twataka kusema nanyi juu ya kuchagua mipira, ile ambayo katika garaje zetu huitwa pine.

Kongo yetu ina barabara za taifa na za mikoa zipatazo kilomita 58,000, na sehemu iliyotiwa lami ni ndogo sana. Tena safari moja yaweza kuwa na sura nyingi. Mtu aondokaye Bukavu kuelekea Uvira kwa njia ya Ngomo hushuka katika kona kali na mawe, kisha hufika katika tambarare ya Ruzizi yenye joto na vumbi. Mwenye kwenda Kamituga kwa njia ya Mwenga hukuta udongo mwekundu, ambao wakati wa mvua hugeuka kuwa potopoto. Na Goma kuna mawe ya volkano. Mlima Nyiragongo ulimwaga moto wake hata katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, na tena ukatoka tarehe 22 Mei 2021 upande wa kaskazini ya mji. Mawe yaliyobaki, yakipasuka, yana makali kama chupa iliyovunjika. Mpira unaofaa mahali pamoja waweza kumwacha dereva njiani mahali pengine.

Wazee wetu waliujua mpira kabla ya kuijua motokari. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama katika mji wa Belfast, alipewa hati ya uvumbuzi wa mpira wa upepo kwa baiskeli. Tangu hapo viwanda vya Ulaya na Marekani vikataka mpira mwingi kuliko zamani, na katika Kongo ya mfalme Leopold II watu wakalazimishwa kwenda msituni kuutafuta katika mimea itambaayo juu ya miti, kwa mijeledi, kwa kutekwa wake zao, hata kwa mauaji, mpaka utawala ule ulipokoma mwaka 1908. Jambo hilo si la kupitiwa upesi, nasi hatutaki kulitaja kama pambo. Ila tukishika mpira mkononi ni haki kukumbuka ulikotoka.

Basi, mpira wa motokari si utomvu mtupu. Ndani yake mna nyuzi za nailoni au za chuma, na nyuzi hizo pamoja na upepo ndizo zinazobeba uzito. Katika mipira ya zamani nyuzi hupishana kama msuko wa mkeka. Katika mipira yenye herufi R nyuzi hupita moja kwa moja toka ukingo hata ukingo, na chini ya meno mna mkanda wa chuma. Kampuni ya Michelin ilianza kuuza aina hii mwaka 1949. Mpira wa zamani una ubavu mgumu, lakini hupata joto upesi na huisha upesi. Mpira wa R hushika njia vizuri zaidi na huishi muda mrefu, ila ubavu wake ni mwembamba, na jiwe kali huukata kwa urahisi zaidi. Aina hizi mbili zisichanganywe kamwe kwenye ekseli moja.

Sasa tuje kwenye meno. Mipira yenye alama H/T ni ya lami. Mifereji yake ni myembamba, na katika udongo mwekundu hujaa mara moja, ikawa kipara. Mipira ya M/T ni ya matope; meno yake ni makubwa na mifereji ni mipana, hata gurudumu likizunguka hulitupa tope nje na kuuma tena. Katikati ziko zile za A/T, zilizotengenezwa kwa kila namna ya njia.

Vijana wengi huomba M/T, maana hufanya jeep ionekane kama simba. Hawajui gharama yake. Meno makubwa yaliyoachana maana yake ni mpira kidogo unaogusa lami, na siku ya mvua mjini motokari yenye mipira hiyo huteleza mbali zaidi kabla ya kusimama. Tena huisha upesi juu ya lami, hupiga kelele, hunywa mafuta. Kwa hiyo shauri letu ni hili. Jeep inayokaa mjini na kutoka mara chache, au inayosafiri zaidi wakati wa kiangazi, ivae A/T. Jeep ya kituo cha afya kilicho ndani ya msitu, ambayo lazima ifike mwezi wa Novemba kama mwezi wa Julai, hiyo ndiyo yenye haki ya M/T.

Juu ya upana wengi hudanganyika. Katika mchanga mwingi, kweli, alama pana ya mpira husaidia, kwa maana gari haizami. Lakini katika njia zetu za udongo, mara nyingi chini ya tope kuna ardhi ngumu. Mpira mwembamba hulikata tope na kuifikia ardhi hiyo. Mpira mpana hubaki juu yake ukiteleza kama sabuni. Ndiyo sababu Toyota Land Cruiser nyingi zilizoletwa Afrika kwa kazi ngumu zilivaa mipira myembamba na mirefu ya 7.50R16.

Hapa tunawaomba mwelekee pamoja nasi kwenye ubavu wa mpira, maana pameandikwa mambo ambayo muuzaji hayasomi kwa sauti. Tuseme imeandikwa 265/70R16 112. Maana yake, upana ni milimita 265. Kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, yaani milimita 185.5, janti ni ya inchi 16, yaani milimita 406.4. Kimo cha gurudumu lote basi ni milimita 777. Mpira wa 235/85R16 ni mwembamba kwa milimita 30, lakini kimo chake ni milimita 806, na tumbo la jeep huinuka karibu sentimita moja na nusu juu ya mawe. Mwenye kubadili kutoka ule kwenda huu ajue pia kwamba saa ya mwendo itamdanganya kidogo: ikionyesha 80, yeye anakwenda karibu 83.

Namba ya mwisho, ile 112, ndiyo tungependa kila dereva aijue kwa moyo. Ni namba ya mzigo, wala si kilo zenyewe. Namba 112 ni kilo 1,120 kwa mpira mmoja. Namba 120, ambayo huonekana mara nyingi kwenye 235/85R16 ya kazi, ni kilo 1,400. Kumbe mpira mwembamba wabeba zaidi kuliko mpana! Magurudumu mawili ya nyuma yenye namba 112 hayapaswi kubeba zaidi ya kilo 2,240, na ndani ya hesabu hiyo umo uzito wa gari lenyewe upande wa nyuma. Ongezeni abiria kumi juu ya magunia, ongezeni mapipa ya mafuta, kisha mpeleke gari hilo katika joto la tambarare. Mpira uliolemewa hujikunja kila mzunguko, hupata moto ndani mahali pasipoonekana, nyuzi huachana na mpira, na siku moja hupasuka kwenye kona. Watu husema ni bahati mbaya, lakini namba ilikuwa imeandikwa pale pale ubavuni.

Jeep yenye nguvu ya mbele na nyuma inataka jambo moja zaidi: mipira yote minne iwe ya kimo kimoja. Katika jeep nyingi za kazi, ukifunga nguvu ya magurudumu yote, ekseli ya mbele na ya nyuma hulazimishwa kuzunguka sawasawa. Mbele ikiwa na mipira mipya na nyuma mizee, au mikubwa na midogo, vyuma hupigana ndani ya sanduku la gia mpaka kimoja kivunjike. Kwa hiyo tununue minne pamoja, au hata mitano, maana mpira wa akiba nao uwe wa namna ile ile. Na ukubwa uchaguliwe kwa kufuata soko: mpira mzuri ambao hauuzwi Bukavu wala Kisangani utawasimamisha wiki tatu kwa kungojea mwingine.

Tukifika sokoni, ndipo macho yahitajika. Muuzaji atasema: «Baba, pine hii ni mpya kabisa, tazama meno yake!» Tuyatazame, naam, lakini tutafute pia neno DOT, na mwisho wake tarakimu nne. Tukisoma 2319, mpira ulitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukilala dukani. Jua na hewa huukausha, na nyufa ndogo hutokea ubavuni. Watengenezaji wengi hushauri kuuchunguza kila mwaka baada ya miaka mitano ya kazi, na kuuacha ukifikia miaka kumi tangu kutengenezwa, hata kama meno yangalipo. Mipira iliyokwisha kutumika Ulaya ilivuliwa garini kwa sababu fulani. Huko sheria hukataza meno yasiyofikia milimita 1.6 ya kina. Wako tena watu wanaochonga meno upya kwa kisu cha moto na kupaka rangi nyeusi ing'aayo. Tupitishe kidole ndani ya mfereji: mkono ukikuta nyuzi, turudishe mpira na kuaga kwa adabu.

Upepo nao ni sehemu ya mpira. Kipimo chake kimeandikwa kwenye kibao karibu na mlango wa dereva, nacho hupimwa asubuhi mpira ungali baridi. Mchana upepo hupanda kwa joto, hapo usipunguzwe. Katika mchanga tu dereva aweza kushusha hata bari 1.5 hivi, alama ya mpira ikawa ndefu na gari likapita, akienda polepole. Akitoka mchangani, ajaze tena kabla ya kukimbia. Kwa hiyo asiye na pompi garini asitoe upepo.

Mipira ikiisha kuwekwa, fundi hukaza njugu za magurudumu na kudai fedha yake, na kazi huonekana imekwisha. Bado. Njugu hulegea kidogo janti inapojikalisha mahali pake. Dereva asimame baada ya kilomita 50 au 100, atoe ufunguo, azikaze tena zote kwa kuvuka, moja na ile inayoielekea, kisha aendelee na safari.