Kabla ya Kuliuza Gari la Marehemu, Tazameni Plagi

Twaingia katika suala lililotufikia wiki hii. Mama mmoja mjane ametueleza habari ya Peugeot 504 ambayo marehemu mumewe aliiacha. Gari hilo hutoa moshi mweusi na huzimika kila likikaa katika foleni ya feri ya Likoni. Fundi amelibadilishia plagi mara tatu katika miezi miwili. Sasa ametokea mnunuzi asemaye kwamba injini imekufa, naye atoa bei ya chuma chakavu. Watoto wamegawanyika, na mama auliza: liuzwe au lisiuzwe?

Jawabu letu ni kwamba lisiuzwe kwanza. Gari hilo ni mali ya warithi wote, na haifai kuiuza mali ya warithi kwa ila iliyotajwa na mnunuzi pasi na kuthibitishwa. Ila hii inao shahidi wake, nao ni plagi yenyewe.

Injini za 504 zajulikana kwa ustahimilivu. Mwaka 1975 gari la aina hiyo lilishinda mashindano ya Safari Rally, Ove Andersson akiwa usukani, na 504 ikashinda tena mwaka 1978. Injini kama hiyo haihukumiwi kwa moshi peke yake.

Basi mama amwite fundi, injini ikiwa imepoa, azitoe plagi zote nne na kuzipanga kwa mfuatano wa silinda zake. Kisha mama azitazame kwa macho yake. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu ni ya injini iliyo salama. Ncha nyeupe iliyoungua yaashiria joto la kupita kiasi, mara nyingi kwa sababu petroli ni chache kuliko hewa. Ncha nyeusi iliyolowa mafuta mazito yaonyesha kwamba oili inapenya, pengine kwa kuchakaa pete za pistoni au vali. Hilo ni jambo la gharama. Lakini ncha iliyofunikwa masizi meusi makavu, yafutikayo kwa kidole, yasema kwamba petroli imezidi hewa. Ila hiyo ni ya kabureta na viungo vyake, na mara nyingi hurekebishika kwa fedha kidogo.

Hapo yadhihirika kwa nini plagi mpya hazikufaa. Plagi hujisafisha yenyewe ncha yake ikifikia joto la nyuzi 450 za selsiasi au zaidi. Gari likikaa foleni likinguruma, joto hilo halifikiwi. Na kabureta ikimwaga petroli ya ziada, plagi mpya nayo hupakwa masizi upesi. Kubadilisha plagi bila kuondoa sababu ni kama kupiga deki huku paa linavuja.

Fundi afuate utaratibu. Kwanza achunguze chujio la hewa, kwani likijaa vumbi injini hukosa pumzi. Pili ahakikishe choki inafunguka kabisa injini ikipata moto. Tatu atazame sindano ya boya ndani ya kabureta, kwani ikichakaa petroli hufurika. Nne azisafishe plagi, apime mwanya wa cheche kwa kipimo chake, takriban milimita 0.6 au kama kitabu cha gari kisemavyo, na azirudishe kwa kuzizungusha kwa mkono kwanza, asije akaharibu hesi za kichwa cha injini, ambacho ni cha aluminiamu.

Baada ya hayo tu ndipo aguse skurubu ya mchanganyiko, injini ikiwa na moto. Aikaze polepole mpaka injini ianze kuyumba, kisha ailegeze mpaka iyumbe tena, na aiache katikati, pale inguruma yake inapotulia. Kazi hii ifanywe uwanjani penye hewa, mbali na jiko na watoto, kwani petroli huwaka upesi na moshi wa gari katika chumba kilichofungwa huua.

Gari litembezwe siku chache, kisha plagi zitolewe tena. Zikiwa za kahawia, warithi watajua kwamba wanalo gari zima, wakae kitako washauriane: kuliuza kwa thamani yake au kulihifadhi. Zikitoka na oili, watajua pia, na waulize gharama ya matengenezo kabla ya kukubali bei ya mtu yeyote.

Nanyi mafundi, ndugu zetu, mteja asiyejua ni amana mikononi mwenu. Mwonyesheni plagi kuukuu na mmweleze sababu kabla ya kumwambia bei. Na nyinyi mama na dada zetu, msione haya kuomba kuonyeshwa. Wallahu a'lam.