Olivia de Havilland na Uongo wa Mkataba wa Hiari

Ipo hoja moja ambayo, kila mfanyakazi anapolalamika juu ya masharti ya kazi yake, hutolewa kana kwamba inafunga mjadala: "Alisaini mwenyewe." Waajiri huisema, na hilo halinishangazi. Linaloniudhi ni kuisikia kutoka kwa maofisa ambao wanalipwa kodi zetu ili wamlinde mfanyakazi huyo, na kutoka kwa wasomi ambao walipaswa kujua zaidi. Nadai kwamba hoja hiyo ni ya uongo, na shahidi wangu ni mwigizaji wa filamu.

Olivia de Havilland alizaliwa Tokyo tarehe 1 Julai 1916, wazazi wake wakiwa Waingereza, akakulia California. Akiwa bado msichana wa chini ya miaka 20 aliingia studio ya Warner Bros., na mwaka 1935 akaigiza na Errol Flynn katika *Captain Blood*. Wapenzi wa filamu za zamani wanamkumbuka kama Marian katika *The Adventures of Robin Hood* ya 1938, na zaidi kama Melanie katika *Gone with the Wind* ya 1939. Waandishi wa burudani wamemaliza wino wakieleza uzuri wake na ugomvi wake na mdogo wake, Joan Fontaine. Wakifika kwenye tendo lake kubwa kuliko yote, huligusa kwa sentensi moja.

Tuuangalie mkataba wenyewe. Studio za wakati ule zilimfunga mwigizaji kwa miaka 7. Studio ilikuwa na hiari ya kumwacha kila kipindi cha mkataba kilipokwisha. Mwigizaji hakuwa na hiari ya kuondoka. Akikataa nafasi aliyopangiwa, alisimamishwa bila mshahara, na siku za kusimamishwa ziliongezwa mwishoni mwa mkataba. Kwa hiyo aliyethubutu kusema hapana alirefusha kifungo chake kwa mdomo wake mwenyewe. Studio pia iliweza kumwazima kwa studio nyingine na kuvuna faida, yeye akibaki na mshahara wake uleule.

Watetezi wa studio husema: lakini studio ndiyo iliyomlea, ikamtangaza, ikamfanya nyota, ilikuwa na haki ya kurudisha gharama zake. Hoja hii ina sura ya busara hadi tuipeleke kwenye kumbukumbu. De Havilland aliteuliwa kuwania Oscar mara 5 maishani. Mara mbili za kwanza, kwa *Gone with the Wind* na *Hold Back the Dawn* ya 1941, alikuwa ameazimwa kwa watu wengine. Mara 3 za mwisho zilikuja baada ya kuondoka. Hakuna hata uteuzi mmoja uliotokana na filamu ya Warner Bros. Hao waliodai kumlea walimpa nafasi za binti mzuri anayemsubiri shujaa, kisha wakamwadhibu kwa kutaka zaidi.

Mwaka 1943 miaka yake 7 ilitimia. Studio ikamwambia bado anadaiwa takriban miezi 6, yaani muda aliosimamishwa. Wakili wake, Martin Gang, alimwonyesha kifungu cha sheria ya kazi ya California kilichosema kwamba mkataba wa utumishi hauwezi kutekelezwa dhidi ya mfanyakazi baada ya miaka 7. Swali likawa: miaka 7 ya kalenda, au miaka 7 ya kazi kama inavyohesabiwa na mwajiri?

Akaenda mahakamani, akijua kwamba Bette Davis alishindwa na studio hiyohiyo mjini London mwaka 1936. Jack Warner aliziandikia studio nyingine zisimwajiri. Kwa takriban miaka 2 hakuigiza filamu yoyote. Alizunguka hospitali za kijeshi akiwatembelea majeruhi wa vita. Alishinda, Warner wakakata rufaa, na Desemba 1944 Mahakama ya Rufaa ya California ikampa ushindi tena. Mahakama ilisema miaka 7 ni ya kalenda. La muhimu zaidi, ilisema kwamba ukomo huo umewekwa kwa manufaa ya wafanyakazi wote, na kwa hiyo mfanyakazi mmoja hawezi kuusamehe kwa saini yake.

Hapo ndipo "alisaini mwenyewe" inapovunjika. Ikiwa saini inatosha kufuta kinga ya sheria, basi kinga hiyo haipo, kwa sababu kila mwajiri ataandika ufutaji huo katika ukurasa wa kwanza na kila mwenye njaa atausaini. Sheria ya kazi imetungwa kwa sababu wanaosaini hawalingani nguvu.

Ajabu ni kwamba vitabu vya Kiingereza vya sheria ya mikataba, ambavyo wanafunzi wetu wa sheria wanavisoma, vina kesi ya Warner Brothers dhidi ya Nelson. Nelson ni Bette Davis kwa jina la ndoa. Tunawafundisha vijana kesi ya mwanamke aliyefungwa, na kesi ya mwenzake aliyefunguliwa tunaiachia magazeti ya burudani.

Sisemi kwamba mahakama ilimaliza dhuluma. De Havilland alikuwa na jina, na aliweza kumlipa wakili. Hattie McDaniel, aliyemshinda kwa Oscar ya mwigizaji msaidizi mwaka 1940 kwa filamu ileile, alipokea tuzo akiwa amekalishwa meza ya pembeni kwa sababu ya rangi yake, na hakuna kifungu cha miaka 7 kilichoweza kumtoa hapo. Tena haki iliyopatikana hunyang'anywa kidogo kidogo: mwaka 1987 watunga sheria wa California waliziruhusu kampuni za muziki kumdai msanii anayekitumia kifungu hicho fidia ya albamu ambazo hakuzitoa. Ulinzi usiolindwa huisha.

De Havilland alikwenda zake Paramount, akashinda Oscar kwa *To Each His Own* na tena kwa *The Heiress*, akafariki Paris mwaka 2020 akiwa na miaka 104. Kwa mwanafunzi atakayesaini mkataba wake wa kwanza mwakani, ushauri wangu ni huu: soma sheria kabla ya mkataba, kwa kuwa sheria inaweza kuwa imekwisha kukukatalia kutoa unachoombwa. Kwa mwanaharakati: tafuta vifungu vilivyolala vitabuni, cha California kilikuwapo muda wote, kikingoja mtu wa kukidai. Na kwa ofisa wa serikali anayepokea malalamiko ya mfanyakazi: ukimjibu kwamba alisaini mwenyewe, umeikataa kazi uliyoajiriwa kuifanya. Nawe pia ulisaini.