Gari la Mtu, Bili Yangu?

Jumapili mama mwenye ploti alituita uani, sisi wapangaji wa nyumba 12, akatuambia kila nyumba itoe shilingi 500 aite bredauni. Ile Peugeot 504 iliyo kando ya tangi la maji iondoke. Haina magurudumu, imekaa juu ya mawe, na mwenyewe alihama usiku akiwa na deni la kodi la miezi mitatu. Paka wanazalia ndani. Wiki iliyopita mtoto wa jirani alijificha kwenye buti wakicheza brikicho, ikajifunga. Alitolewa akiwa amelowa jasho, sauti imekauka kwa kulia.

Kwa hivyo gari litoke, hilo hatubishani. Nani alipe?

Mimi nilisema sitoi. Najua mtaniita mkono wa birika, lakini sikilizeni. Chukua Gazeti Rasmi la Serikali, lile linalotoka Ijumaa, uangalie kurasa za nyuma. Utakuta ilani za magari yaliyotelekezwa, zikitaja Sheria ya Uuzaji wa Mali Isiyochukuliwa, Sura ya 38. Gereji na yadi ndizo huitumia sana. Mwenye gari anapewa siku 30 aje achukue mali yake, alipie ada za kuliweka na hata gharama ya kuchapisha ilani hiyo. Asipokuja, linauzwa. Pesa zikizidi deni ni zake, zikipungua bado anadaiwa. Yaani mzigo wote uko juu ya mwenye gari. Hakuna mahali panaposema majirani wachangishane.

Nilipomweleza mama hayo alicheka. "Wewe kijana umesoma sana. Toa tu hiyo mia tano."

Kusema kweli, ana sababu ya kucheka. Yeye si gereji, hakuletewa gari atengeneze, kwa hivyo itabidi amwone wakili kwanza kabla ya kuigusa sheria hiyo. Wakili na tangazo la gazeti vinaweza kula pesa kuliko bredauni yenyewe. Hapo ndipo serikali inatuangusha: sheria ipo, lakini mtu wa ploti haimfai.

Na msiniambie tuite watu wa vyuma chakavu wakate wabebe. Biashara hiyo ilipigwa marufuku Januari 2022 baada ya nguzo za umeme kuharibiwa, ikafunguliwa Mei mwaka huohuo kwa masharti makali ya leseni na rekodi. Ukiuza gari lisilo jina lako, siku mwenyewe akirudi na kitabu cha gari mkononi, mwizi ni wewe. Hata bredauni, italipeleka wapi? Tukilisukuma barabarani tutakuwa tumempa mtu mwingine shida yetu.

Lakini kuna jambo ambalo mama hakuligusa. Yule bwana alipoingia aliacha depoziti ya mwezi mmoja, kama sisi sote. Nilimuuliza, mama, ile depoziti iko wapi? Akasema ilienda kwenye rangi. (Rangi yenyewe sijaiona.) Ndiyo maana nasema mwenye ploti aanze kulipa yeye, kisha amdai mpangaji wake. Yeye ndiye ana nakala ya kitambulisho chake na namba ya simu. Mimi hata jina lake la pili silijui.

Buti tumeifunga kwa waya, na hiyo ndiyo kazi pekee iliyofanyika mpaka leo. Nyumba tisa zimeshatoa. Mia tano yangu bado iko mfukoni.