Kina Fatuma Ni Wengi: Andika Namba, Si Jina

Ita "Mama Fatuma!" pale soko la Kongowea uone watageuka wangapi. Huku Ziwa la Ng'ombe ni vivyo hivyo: kina Fatuma Ali ni wengi, na maduka ya "Baraka" hayahesabiki. Uso kwa uso hatukosani, maana mtu tunamjua kwa sura, kwa nyumba au kwa mamake. Lakini mtambo wa malipo hauna macho.

Hapo ndipo pesa hupotea njia. Tuseme mzazi analipa karo kwa Paybill ya shule. Akifika kwenye namba ya akaunti, anaandika "FATUMA". Pesa imefika shuleni, ujumbe anao, lakini mhasibu ana kina Fatuma sita kwenye daftari. Mpaka ijulikane ni yupi, mtoto ashatumwa nyumbani.

Watengenezaji wa tovuti wanaujua ugonjwa huu. Tovuti ya duka hujengwa kwa vipande vya programu vilivyoandikwa na watu tofauti. Kwenye WordPress, vipande viwili vikitumia jina moja, mfano "lipa", kwa kazi mbili tofauti, tovuti nzima inaweza kuzima. Dawa yao ni rahisi: kila mmoja hutanguliza alama yake, kama jina la ukoo. "duka_lipa" haliwezi kugongana na "karo_lipa".

Paybill inafuata akili hiyohiyo. Namba ya biashara ndiyo ukoo, namba ya akaunti ndiyo jina la mtoto. Akaunti 25 inaweza kuwa ya mwanafunzi na pia ya mpangaji bila ugomvi, mradi Paybill ni tofauti. Angalia Kenya Power: tokeni ni 888880 na namba ya mita, bili ya mwezi ni 888888 na namba ya akaunti. Tofauti ni tarakimu moja tu! Na tangu serikali ilipoagiza mwaka 2023 huduma zake zilipiwe kwa 222222, ukoo ni mmoja kwa huduma nyingi. Kinachotofautisha malipo yako ni ile namba unayopewa na eCitizen.

Kwa maoni yetu, lawama isiwe ya mteja peke yake. Shule, mpe kila mwanafunzi namba yake. Mwenye nyumba, tumia namba ya mlango. Mwenye duka, ukisajili Till ongeza kazi na mtaa: "Baraka Vyakula Ziwa la Ng'ombe" ni afadhali kuliko "Baraka". Nasi kampuni za malipo tuna wajibu wa kukuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa haijatoka.

Wewe nawe, jina likitokea lisome, usibonyeze tu. Ukikosea akaunti, mpelekee mwenye Paybill ile kodi ya muamala. Ukikosea mpokeaji, wasiliana na huduma kwa wateja papo hapo. Pesa ikishatolewa upande wa pili, kuirudisha si mchezo.